Bawabu wa Mabira Asizimwe

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya. Mbaya sana! Mama Jovitha, meneja wetu, katuita wote ofisini kwake hapa Kayanga na kutangaza kwamba kampuni inawastaafisha mabawabu wote wawili kabla msimu wa kahawa haujashika kasi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaiacha mikono yangu mapajani.

Niandike hapa, maana sina mwingine wa kumweleza. Bawabu ni seva. Wataalamu wanaiita domeni kontrola, jina la kuvunja taya, kwa hiyo mimi niliipa la Bawabu na ofisi nzima ikafuata. Kazi yake ni kukaa mlangoni. Ukiwasha kompyuta asubuhi ukaandika jina lako na neno la siri, kompyuta inamuuliza Bawabu kwanza kama anakujua. Akisema anakujua, unaingia. Akiwa amelala, mnabaki nje nyote, meneja na mfagiaji. Tunao wawili, mmoja hapa Kayanga, mwingine kwenye tawi la Mabira. Wote wazee. Waliowatengeneza wameshaacha kuwahudumia, na huyu wa Mabira ndiye taabani zaidi. Umeme ukikohoa tu, analala.

Akilala napigiwa simu mimi, Rogasian, fundi wa mtandao. Napanda pikipiki ya Elick, nakula vumbi kuanzia Omurushaka, nafika Mabira nimekuwa mwekundu hadi kope. Na pale mezani, pembeni ya mizani, amekaa Ainembabazi.

Basi. Jina nimeshaliandika.

Ni karani wa mizani. Wakulima wanaleta kahawa ya maganda, yeye anapima, anaandika, anataniana nao. Nikifika ananipa maji ya kunawa uso, kisha ananiletea kikapu kidogo cha amwani, kahawa zetu zile za kuchemsha na kukausha, za kutafuna. Ananikaribisha kwa mikono miwili. Natafuna taratibu huku namtengeneza Bawabu. Kazi ya kubonyeza swichi moja naifanya mpaka jioni! Hayo ndiyo maisha yangu, sina mengine. Sasa mabawabu wapya watakaa hapa Kayanga, na mambo yote ya Mabira nitayatengeneza nikiwa kwenye kiti changu. Mama Jovitha akasema nimshukuru Mungu, nitapumzika vumbi.

Sitaki kupumzika vumbi.

Jumanne, 17 Juni

Mpango wa kwanza. Nimemwendea Mama Jovitha na hoja za kitaalamu. Nikamweleza kwamba Bawabu wa Mabira hawezi kustaafu kwa sababu ya vilima. Vilima vinazuia mtandao. Akaniuliza mbona mnara mpya umejengwa juu ya kilima chenyewe. Nikasema basi ni migomba. Migomba ikishiba mvua inanyonya mawimbi. Akanitazama. Akasema yeye amezaliwa migombani, amelelewa migombani, na simu zake zote za muhimu amezipigia migombani. Nikaaga kwa adabu.

Mchana akafika mtaalamu aliyeitwa kutoka Bukoba kuongoza kazi. Melkiory. Koti la ngozi, kwenye jua hili! Amewaleta mabawabu wapya kwenye pikapu, wamefungwa blanketi kama wagonjwa. Ana meno mengi na anayatumia yote. Ameniita bwana mdogo wakati tunalingana kabisa. Mama Jovitha akamchekea. Chai akaletewa kwenye kikombe cha wageni, kikombe ambacho mimi nimefanya kazi hapa tangu kampuni inaanza na bado nakiona kabatini tu.

Akasema atakwenda Mabira yeye mwenyewe kumfunga Bawabu. Maana yake atapewa amwani. Kwa mikono miwili! Chakula cha mchana sikula. Yaani nilikula, lakini sikuisikia ladha.

Jumatano, 18 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Melkiory kanieleza kwamba bawabu hazimwi hivi hivi. Kwanza majukumu yake yanakabidhiwa kwa mpya, halafu unachunguza ni nani bado anamtegemea yule wa zamani. Kukiwa na anayemtegemea, huzimi. Na kazi ya kuchunguza nani anamtegemea Bawabu wa Mabira akanipa mimi. Fisi kakabidhiwa bucha!

Sikuchunguza. Nilitengeneza. Mchana kutwa nimezunguka ofisini na bisibisi mkononi, ili nionekane fundi. Printa nimeielekeza Mabira. Saa ya mahudhurio, Mabira. Kompyuta za uhasibu, Mabira. Mwisho nikaingia kwa Mama Jovitha alipokwenda kunywa chai, nikaigeuza na yake. Sasa akitaka kuingia, swali linavuka vilima hadi Mabira, linamwamsha mzee, linarudi. Kisha nikatoa taarifa kwamba kampuni nzima inaning'inia kwa Bawabu wa Mabira. Akizimwa, tumekwisha.

Melkiory akasoma, nyusi zikapanda. Akasema katika maisha yake hajawahi kuona makao makuu yanayotegemea tawi. Nikamwambia Karagwe ina maajabu yake.

Nimelala jioni kidogo baada ya kazi. Nimemwota Ainembabazi anapima kahawa na mimi nimekaa juu ya mizani. Hakusema nina kilo ngapi. Nilipoamka nilibaki nimelala hivyo hivyo, natamani aseme.

Alhamisi, 19 Juni

Aibu!

Kumbe wataalamu wana njia ya kizamani wanayoitumia wasipoiamini taarifa. Wanaizima mashine kwa siku moja na kutega sikio. Atakayepiga kelele alikuwa anaitegemea. Atakayenyamaza hakuwa na haja nayo. Melkiory kamzima Bawabu wa Mabira asubuhi hii, kwa mbali, amekaa kwenye kiti, anakunywa chai. Bila kunipa taarifa!

Wa kwanza kupiga kelele ni Mama Jovitha. Alikuwa na wanunuzi wageni ofisini, kawaahidi kuwaonyesha shehena, na kompyuta yake ikamkatalia kwamba hajulikani. Akaandika tena. Hajulikani. Kwenye kampuni yake mwenyewe! Wakafuata uhasibu. Kisha foleni kwenye saa ya mahudhurio. Melkiory akapita mlango kwa mlango na meno yake yale, akimuuliza kila mtu ni lini alianza kuitegemea Mabira. Wote wakajibu kwamba ni tangu jana fundi alipopita na bisibisi.

Mama Jovitha akaniita. Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyambo, na ya Kinyambo siyaandiki, maana shajara inaweza kuokotwa. Kwa ufupi, nisitoke Kayanga mpaka nitakapoambiwa.

Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba Mabira hawakupiga kelele. Siku nzima simu nimeiweka mezani uso juu. Chooni nimekwenda nayo. Kimya! Jioni nikamuuliza Elick kama alipita huko. Akasema alipeleka abiria, akamkuta Ainembabazi anapima kahawa na kuandika kwa mkono, na kila pikipiki ikisikika anainua kichwa kutazama barabara. Nikamuuliza alikuwa anatazama nini. Elick akasema yeye ni dereva wa bodaboda, si nabii.

Labda alikuwa anaangalia mvua. Hata hivyo mtu angeweza kupiga simu, akaniambia tu kwamba Bawabu kalala. Mimi namkumbuka usiku na mchana, na yeye seva inazimika siku nzima bila hata kunitaja.

Ijumaa, 20 Juni

Melkiory amekwenda Mabira bila mimi. Nimebaki kurudisha kila kitu mahali pake, Mama Jovitha kasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani.

Amerudi mchana. Bawabu wa Mabira hayupo tena. Diski zake amekuja nazo, kwa sababu zina siri za watu na kanuni inataka ziharibiwe, na hapo uani akazitoboa kwa drili moja baada ya nyingine. Nilisimama kutazama. Sikulia, vumbi tu. Boksi lenyewe tupu kaliacha Mabira kwa kuwa halina kazi.

Na alikuwa anatafuna! Amwani! Mpaka Kayanga bado anatafuna! Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, huko hawajambo? Akauliza akina nani. Nikasema tawi. Akasema tawi halijambo, ila tawi liliuliza kwa nini fundi wa siku zote hakuja. Halafu akanivuta pembeni, bila kuombwa, akaniambia ana mke na watoto Bukoba, kwa hiyo nisimtazame kwa jicho lile. Akasema kama nina neno kwa yule binti, ulimi hauhitaji seva.

Nikamjibu kwamba tuko kazini.

Ila neno lake moja limenisaidia. Boksi tupu liko Mabira, na halina pa kukaa.

Jumamosi, 21 Juni

Mpango mkubwa kuliko yote. Boksi la Bawabu ni mali ya kampuni. Mali ya kampuni lazima ihifadhiwe. Tawini hakuna stoo, magunia yamejaa mpaka dirishani. Lakini nyuma ya migomba, hatua chache kutoka tawini, ni nyumbani kwa Mzee Kamugisha, baba yake Ainembabazi. Boksi likikaa kwake, lazima fundi aende kulikagua. Mara kwa mara. Hata likiwa tupu!

Sasa, kwa mzee huendi kuomba nafasi mikono mitupu. Mama alinifundisha. Nimetafuta rubisi nzuri, pombe yetu ya ndizi, iliyoiva, nikaijaza kibuyu na kukiziba kwa jani la mgomba. Kwa kuwa nimefungiwa Kayanga, nikamtuma Elick apitie boksi tawini na kulifikisha pamoja na kibuyu. Elick akakitazama kibuyu, akanitazama mimi, akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamkumbusha ni nani kati yetu aliyesoma. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia afunge kibuyu vizuri, barabara ni mbaya.

Alasiri simu ikalia. Msiba!

Mzee Kamugisha hakulitazama boksi hata kidogo. Alichokiona ni kibuyu cha rubisi, kimeletwa kwa mkono wa mtu mwingine, kimetoka kwa kijana asiyeoa, kimeingia nyumba yenye binti mkubwa. Akatuma waitwe ndugu zake. Nyasi mbichi zikatandazwa sebuleni. Amwani zikazungushwa. Wakamuuliza Elick katumwa na nani, na Elick, badala ya kueleza habari za boksi, akapiga goti na kutaja jina langu! Wakainusa rubisi. Wakaimimina. Baba wadogo wakiimba nyuma yake, Elick alikuwa anapiga kelele kwenye simu: "Wamekunywa, waitu! Wamekunywa!"

Kwetu, wasipokubali, kibuyu kinarudi kama kilivyokwenda. Wakinywa, mlango uko wazi, aliyetuma aje mwenyewe.

Nikakaa chini. Nikamuuliza Ainembabazi yuko wapi. Akasema yuko jikoni, anaosha kikombe kilekile tangu yeye afike. Nikamuuliza analia? Akasema uso hauoni, ila anaimba kwa sauti ndogo.

Anajikaza, masikini. Nimemwaibisha! Nimemposa kwa boksi bovu!

Jumapili, 22 Juni

Ibadani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilichokitamani mvua nenda mvua rudi nimepewa, kimenywewa na baba wadogo, na badala ya kuruka kwa furaha naogopa. Je, akinikubali kwa sababu ya rubisi tu? Je, moyoni ananicheka? Nikaona bora kusafisha jina lake. Baada ya ibada nikamtuma Elick tena akawaambie wazee kwamba kibuyu kilikuwa cha boksi. Boksi tu. Hakuna jingine, na wanisamehe.

Elick alikataa. Nilimbembeleza. Alikataa tena. Nikamwambia udugu wetu uko hatarini, akaenda akigonga gia kwa hasira.

Amerudi. Mzee Kamugisha alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba arudie, wake na waume waliokuwepo wasikie. Kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki, sembuse rubisi iliyokwisha kunywewa. La boksi amelielewa, na kuku ameshaanza kutagia humo. La pili analisubiri. Jumapili ijayo yeye na ndugu zake watakaa tena, na aliyetuma wanataka wamwone kwa macho.

Na Ainembabazi? Elick akasema alimsindikiza mpaka njiani. Akamwagiza aniambie kwamba siku ile Bawabu alipozimwa, simu alikuwa nayo mkononi. Hakupiga kwa makusudi. Alitaka kuona kama nitakwenda bila kuitwa.

Nikamwomba Elick arudie. Akarudia. Nikamuuliza, kwa maoni yake, Ainembabazi alikuwa na maana gani. Elick akawasha pikipiki akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 24 Juni

Muujiza! Mama Jovitha kasema kwa kuwa hesabu zote za Mabira sasa zinaonekana hapa, karani hana haja ya kukaa kule. Mizani atapewa mpimaji mwingine, karani anahamia makao makuu. Ainembabazi anakuja kesho! Meza iliyo mbele ya meza yangu!

Na mimi niliyepigana na jambo hili kwa vilima na migomba! Nimeifuta meza yake. Nimeifuta tena. Mama Jovitha kaniuliza kama nataka kuing'oa rangi.

Jumatano, 25 Juni

Kafika. Kitenge cha bluu. Akawaamkia wakubwa wote shikamoo, akafika kwangu akasema habari za siku nyingi, Bwana Rogasian. Nikamjibu kwamba mtandao ni mzuri.

Mtandao ni mzuri! Ndilo lililonitoka!

Akakaa. Nilikuwa nimesimama tayari, kompyuta yake ikikataa nimsaidie. Akaandika jina, akaandika neno la siri, ikafunguka papo hapo. Melkiory anafanya kazi safi, alaaniwe. Nikakaa. Akaweka kikapu cha amwani katikati ya meza zetu mbili, akakisogeza upande wangu. Mkono wangu ukakataa kwenda. Kule Mabira nilikuwa na nyaya za kutazama. Hapa hakuna kilichoharibika, sasa nitazame wapi?

Ajabu ni kwamba namtamani kuliko alipokuwa mbali. Yuko karibu kiasi kwamba akitafuna nasikia. Zamani njia nzima ya Mabira nilikuwa namwambia kila kitu, kwa sauti, nyuma ya mgongo wa Elick. Maneno yote nilikuwa nayo. Yalikuwa yananiishia pale tu ninaponawa uso.

Alhamisi, 26 Juni

Amesema!

Mama Jovitha alikuwa ametoka. Ainembabazi akaacha kuandika, akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Jumapili baba na baba wadogo watakaa. Mama yake anauliza apike ndizi za watu wa nyumbani tu, au aongeze za mgeni mmoja. Akanitazama usoni, bila kupepesa.

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu.

Akasema haya. Akageukia kompyuta, akaweka vidole juu ya vitufe, na kwa muda mrefu hakuandika chochote.

Ndiyo. Ndilo jibu. Neno dogo kabisa. Hapa kwenye karatasi linaandikika vizuri tu: ndiyo, ndiyo, aongeze, nakuja kwa miguu ikibidi. Mbele yake halikutoka. Nimekwenda uani pale zilipotobolewa diski, nikalisema peke yangu likatoka bila shida. Niliporudi alikuwa ameshakwenda kula.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefikiri kitaalamu na nimeipata hitilafu. Hitilafu ni ukaribu! Alipokuwa Mabira alikuwa anatazama barabara. Elick ni shahidi. Tangu ahamie hapa hatazami barabara, ananitazama mimi, na mimi nikitazamwa sifanyi kazi. Kwa hiyo umbali urudishwe.

Na Mungu si Athumani. Kampuni inafungua kituo kipya Bugomora, huko mpakani. Mtandao hakuna, mnara hakuna. Anatakiwa mtu wa kukaa huko msimu mzima, aondoke Jumapili asubuhi. Wote wamekataa. Mimi nimeomba! Mama Jovitha kaniuliza kama ninaumwa. Melkiory, aliposikia kwa simu huko kwao Bukoba, alinyamaza hadi nikadhani salio limemwishia. Hawaoni mbali hawa. Nikiwa Bugomora, Ainembabazi atanikumbuka. Akinikumbuka atajua moyo wake unasemaje. Na siku nitakayorudi nitamweleza yote, maana njiani nitakuwa nimepata nafasi ya kuyapanga.

Nimemwambia mchana huu. Akauliza, Jumapili hii? Nikasema hii hii. Kisha akainuka, akalichukua begi langu la vifaa, akalipanga mwenyewe: koleo, nyaya, bisibisi, taulo la kufutia vumbi. Akafunga zipu mpaka mwisho. Akaniambia niende salama. Nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kitenge, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla ya saa za kazi kwisha, na getini hakugeuka.

Ameanza kunikumbuka hata kabla sijaondoka. Mpango unafanya kazi!